Ngezi, Pemba: usiende saa sita mchana halafu urudi kusema hukuona kitu

MtotoWaKonde (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kila likizo ya skuli ikikaribia simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Nawaleta watoto Pemba, huko Ngezi kuna nini?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi naandika hapa na atakayeuliza nitamtupia uzi huu.

Nianze na msimamo wangu ili tusilaumiane. Anayetaka kumuona mnyama kwa uhakika na kumpiga picha aende msitu wa Jozani, Unguja. Ngezi ni msitu wa masikio. Wakaazi wake wengi ni wadogo, au wanakaa juu sana, au hawatoki mpaka giza liingie. Mtu akishuka garini saa sita, jua la utosi, akazunguka nusu saa huku akizungumza na simu, ataona miti na jasho lake mwenyewe.

Mahali penyewe: ukifika Konde unashika njia ya Makangale. Mashamba yanaisha na msitu unakufunga juu ya kichwa, barabara inapita katikati yake. Kuna geti la Idara ya Misitu, hapo unalipa na unapewa muongozaji. Chukua kitambulisho, bei ya mwenyeji si ya mgeni. Kuna njia fupi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaimaliza bila kubebwa, na kuna ndefu kwa wenye miguu.

Nyakati nzuri ni mbili. Asubuhi mapema, umeshaswali Alfajiri na upo njiani, ndege wote wanaongea. Au baada ya Alasiri, na ikiwezekana upange na walinzi mapema mbaki mpaka usiku na tochi. Hiyo ya usiku ndiyo ninayowasukumia watu.

Usiku ndio utamsikia kibundi wa Pemba. Ni bundi mdogo anayeishi kisiwani kwetu tu, duniani kote hayupo kwengine. Sauti yake ni "hu" moja, ananyamaza, halafu "hu" nyengine. Mwenzake anajibu upande wa pili. Ukimulika huoni kitu, rangi yake na majani makavu ni moja. Muongozaji mzuri atakusimamisha, atazima tochi na atakwambia subiri. Watu wengi hapo ndipo wanaposhindwa, kusubiri gizani dakika kumi bila kusema.

Mchana tizama miti. Mivule minene. Mijoho. Na mpapindi, mnazi-pori mwembamba wenye pete kwenye shina, unaota kwa mafungu. Wengi wetu tumeupita tukidhani ni mpopoo uliokosa matunzo. Mpapindi ni wa Pemba.

Nguo: suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole. Siafu hawajui kama wewe ni mgeni. Dawa ya mbu ukienda jioni. Masika njia inakuwa tope tupu, mie naikwepa Aprili na Mei.

Ukimaliza msitu usigeuze gari. Endelea mpaka Vumawimbi ukaoge, au Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, ule wa chuma.

Maswali leteni.

Jahazi_la_Mkoani

Waalaykumsalaam. Mie nimekwenda. Niliona majani.

MtotoWaKonde

@Jahazi_la_Mkoani saa ngapi?

Jahazi_la_Mkoani

Baada ya Adhuhuri. Tulikuwa na harusi Wete, tukasema tupite.

MtotoWaKonde

Ahaa. Na viatu vya harusi bila ya shaka.

Jahazi_la_Mkoani

Yakhe, viatu havikufukuza wanyama. Nauliza kwa dhati: kisiwa kizima kile cha kijani, msitu umesimama, mbona hamna hata kima wa kutosha? Unguja ukipita Pete tu barabarani kima wanakutizama. Pemba tumekosa nini?

Maalim_Bayolojia

Hili swali la Jahazi ni zuri kuliko anavyodhani, na jibu lake lipo baharini.

Baina ya Unguja na bara maji si marefu, ni makumi ya mita tu. Zama za barafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilishuka zaidi ya mita 100, kwa hiyo Unguja haikuwa kisiwa. Mnyama alitembea kwa miguu mpaka Jozani. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui, ina kima punju, wale wa mgongo mwekundu, ina paa nunga. Maji yaliporudi wakabaki huku.

Mkondo wa Pemba ni habari nyengine. Kina chake ni mamia ya mita. Bahari ilishuka na Pemba ikabaki kisiwa. Aliyefika Pemba aliruka, alielea, au alipakiwa chomboni na binaadamu. Sasa fikiria nani anaweza kuruka: ndege na popo. Na hao ndio utajiri wa Pemba. Ndege wanne hawapo popote isipokuwa hapo: huyo kibundi, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule mdogo wa manjano mwenye mduara mweupe kuzunguka jicho. Waliofika zamani walitengana na jamaa zao mpaka wakawa kitu chengine kabisa.

Mpapindi nao vivyo hivyo. Jamaa zake wa karibu wako Madagaska na Komoro, bara huwakuti. Popo wa Pemba pia: ni wa kabila la popo wakubwa wanaoanzia Asia na visiwa vya Bahari ya Hindi, na Afrika bara hawapo kabisa. Yaani popo wa Kidike, hapo hapo Pemba, ana undugu na popo wa Komoro kuliko popo wa Tanga, na Tanga unaiona kwa macho hewa ikiwa safi.

Hao kima punju wachache waliopo Ngezi waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Kwa hivyo Jahazi, ukienda Ngezi kutafuta kima unamtafuta mgeni na kumpita mwenyeji.

Jambo jengine ni eneo. Msitu wa namna ya Ngezi ulikuwa mkubwa sana Pemba. Karne ya 19 ukakatwa kupisha mikarafuu, na kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikabeba biashara. Kilichobaki Ngezi ni kipande cha Pemba iliyokuwepo kabla ya karafuu.

Jahazi_la_Mkoani

Maalim nimekuelewa. Hapo kwenye Tanga umenimaliza.

BintiPete

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa upande wa Jozani na naona mnaitaja kama kituo cha daladala, "kaone kima urudi". Si haki.

Mgeni anateremka, anapelekwa ng'ambo ya barabara kwenye miti ya shambani, anapiga picha na kima punju, robo saa, amepanda gari kwenda Paje. Huyo Jozani hajaiona. Ingieni ndani kwenye mitondoo. Ule ni msitu unaokunywa maji ya chini. Mvua ikiwa nyingi maji yanapanda na miti inasimama ndani yake, mizizi imejipinda juu ya ardhi. Ukitoka hapo hatua chache uko kwenye maweni, vichaka vifupi, jiwe tupu, joto. Halafu nenda kwenye daraja la mbao la mikoko, kule ghuba ya Pete. Uliza maji kabla ya kwenda. Maji yakipwa utaona kaa na mizizi ya mkoko iliyosimama kama miguu ya buibui. Bamvua maji yakijaa, samaki wadogo wanapita chini ya miguu yako na mti unauona umekatwa nusu. Mie napenda yakijaa, mume wangu anapenda yakipwa, hatujawahi kukubaliana.

Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa hifadhi ya taifa 2004, kilomita za mraba 50. Kima punju wenyewe wako Zanzibar tu. Ilikuwa ikisemwa wamebaki elfu mbili hivi, ikaja hesabu kubwa iliyotangazwa 2017 ikawakuta zaidi ya 5,800 Unguja nzima. Nusu ya sifa ni ya wanavijiji. Wazee wetu waliliwa mazao na hawa wanyama, tena bila huruma, mpaka ikapangwa sehemu ya pesa za wageni irudi vijijini.

Na wanakula makaa! Watu hudhani ni hadithi. Wanakula majani ya mwembe na mkungu, yana sumu yake, makaa yanainyonya tumboni. Usiache tanuri lako wazi.

Mzee_Vitongoji

Vijana mnaongea vizuri. Mimi nataka kumzungumza popo kwa sababu Maalim kampitia juu kwa juu.

Popo wa Pemba akikunjua mabawa anafika mita moja na nusu na zaidi. Uso wake ni wa mbwa mdogo, manyoya ya kifuani mekundu. Hatumii sauti kutafuta njia kama hawa popo wadogo wa darini. Huyu anatumia macho na pua, na anakula matunda: maembe, mashelisheli, tini za porini. Mbegu anazitema na kuzinya mbali na mti mama, kwa hiyo msitu wenyewe unapandwa na yeye.

Sisi tulikuwa tunamla. Sisemi kwa fahari wala kwa haya, ndivyo ilivyokuwa. Walikuwepo watu wenye kazi hiyo, nyavu juu ya miti mirefu ya bambuu, baadaye bunduki. Bunduki ndiyo iliyoharibu. Popo jike anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, sasa ukipiga mti mzima wamelala mchana unamaliza miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia wanakwisha kabisa. Wakaja watu wa uhifadhi, wakakaa na vijiji, zikaundwa jumuiya za kuwalinda, watoto wakafundishwa skuli. Hesabu za baadaye zikapita 20,000. Katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini walikuwa ngazi ya mwisho kabla ya kutoweka, wakateremshwa.

Kitu kimoja kiliwasaidia kabla ya yeyote kuja: makaburi. Popo wengi walikuwa wakilala kwenye miti ya makaburini, na miti ya makaburini mtu wetu haikati. Walinzi wa kwanza wa popo walikuwa marehemu.

Ukitaka kuwaona nenda Kidike, si mbali na Chake. Nenda jioni kabla ya Magharibi wanapoamka. Na usipige makofi ili waruke. Kuna gari moja la wageni nililiona na mwenye gari anapiga honi makusudi, wageni wanashangilia. Popo mwenye mtoto kifuani anarushwa juani bure. Nilimwambia, akaniangalia.

MtotoWaKonde

Shkamoo mzee. Hilo la honi liandikwe kwa herufi kubwa.

UmmKulthum_Jangombe

Assalaam alaykum. Nina watoto watatu, mkubwa kumi na mmoja, mdogo minne. Hiyo safari ya usiku Ngezi mnanitia hamu na hofu pamoja. Kuna mashetani? Msicheke, mama mkwe ameshaniuliza.

MtotoWaKonde

Waalaykumsalaam dada. Hakuna anayecheka, mama mkwe ana sababu zake. Wazee wa huku wana sehemu zao za heshima ndani ya msitu, muongozaji anazijua. Mkiambiwa hapa tusipite, msipite, na wala msiulize sana.

Ila sauti zinazowatoa watu mbio nyingi zina wenyewe. Mosi ni komba. Analia kama mtoto mchanga, ukimulika macho yake yanang'aa mekundu juu ya mti. Pili ni pelele. Huyu ni mnyama wa kadiri ya sungura, mchana humuoni, usiku anapanda mtini anaanza kukwaruza sauti kidogo kidogo, inapanda, inapanda, mwisho ni ukelele wa mtu anayechinjwa. Mara ya kwanza kuisikia hata mwanamme mwenye ndevu atamtafuta jirani yake wa kumshika mkono. Waambie watoto kabla. Mtoto aliyeambiwa anasubiri kwa furaha, asiyeambiwa ataota wiki nzima.

Huyo wa miaka minne mwache na mtu Konde, usiku si wake. Mchana njia fupi anaiweza.

UmmKulthum_Jangombe

Ahsante kaka. Na nyoka?

Maalim_Bayolojia

Wapo, na wanakukimbia wewe. Tembeeni kwenye njia, msitie mikono ndani ya magogo na majani yaliyolundikana. Watoto wasivue viatu. Basi.

Jahazi_la_Mkoani

Maalim, chui. Umesema Unguja "ilikuwa" na chui. Makunduchi kuna watu watakuapia.

Maalim_Bayolojia

Najua, na nina jamaa huko. Chui wa Unguja alisakwa sana, khasa baada ya Mapinduzi, kwa sababu watu waliamini wachawi wanawafuga na kuwatuma. Wataalamu wengi wanamhesabu ametoweka. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionesha picha ya kamera ya mtego wakidai ni yeye. Mimi picha ile haikunitosheleza. Nataka kinyesi, nataka unyayo, nataka picha ya pili.

BintiPete

Bibi yangu hataki hata litajwe jina lake baada ya Magharibi. Tuendelee.

Nimekumbuka jengine. Kima punju wasiguswe na wasilishwe. Kibao kinasema mita tatu na watu wanapiga picha wameegemea kibao. Yeye akija karibu wewe rudi nyuma. Mafua yetu yanawapata. Na tumbo lake ni la majani na matunda mabichi, halijaumbwa kwa ndizi mbivu wala biskuti. Kuna muongozaji wa mtaani, si wa hifadhi, namjua kwa sura, anawaita kwa kutikisa mfuko ili mgeni apate picha na bakhshishi iongezeke. Mgeni wa namna hiyo akiumwa kidole atasema Jozani ni pabaya.

Na madereva punguzeni mwendo pale. Yale matuta hayakuwekwa kwa mapambo, kima wengi waligongwa mpaka yakawekwa.

Dereva_Fuoni

Dada matuta tunayajua, tatizo wageni wana haraka ya kwenda kwenye pomboo Kizimkazi asubuhi. Mie sasa nawapanga kinyume. Pomboo kwanza, Jozani tukirudi. Mchana kima punju wanapumzika kwenye kivuli chini chini, wanaonekana vizuri tu. Ila ndege wameshanyamaza, hilo nakubali.

Kwa walioko mjini wasio na nauli ya Pemba wala muda wa Jozani, kuna Masingini. Ipo mlangoni mwenu, karibu na Bububu, ina kima punju pia, na baridi yake ya asubuhi huwezi kuamini kuwa Darajani si mbali. Kaskazini kuna Kiwengwa na mapango yake ya matumbawe. Watu wanapita na gari kwenda hotelini kila siku na hawajui.

Mzee_Vitongoji

Masingini ndiyo inayolinda maji yenu ya mjini. Chemchem za upande ule zinaishi kwa sababu ya miti ile. Anayekata kuni pale anajikatia bomba lake.

Jahazi_la_Mkoani

Haya, nimeshindwa na uzi mzima. MtotoWaKonde nipangie. Naja na mke na wanawe wawili wakubwa, tunataka usiku, hatutaki mbio. Kutoka Mkoani daladala zitatufikisha?

MtotoWaKonde

Mpaka Chake mtapata, na Chake mpaka Konde mtapata. Konde kwenda mbele usiitegemee daladala, khasa mkiwa mnatoka usiku. Kodini gari Konde mpatane kwenda na kurudi, na dereva awasubiri getini. Mlipe nusu mwanzo na nusu mkishatoka, hii nakwambia kwa uzoefu wa mtaa mzima.

Mpigie mtu wa Misitu siku moja au mbili kabla, usiku hawakai getini bila ya taarifa. Chagueni siku zisizo na mvua, kibundi akinyeshewa hasemi sana. Kila mmoja tochi yake, na msitumie taa ya simu, inachoma macho ya wenzenu na haifiki juu ya mti. Fikeni saa kumi na moja mtembee mwanga ungalipo, mswali Magharibi hapo hapo, halafu mrudi ndani.

Na mara hii uvae raba.

Jahazi_la_Mkoani

Raba zipo. Mke anauliza choo.

MtotoWaKonde

Kipo getini. Ndani hakuna, kwa hivyo chai ya Konde mnywe mkirudi.

UmmKulthum_Jangombe

Jahazi mkienda tuambieni siku, na sie tuko Wete wiki ya pili ya likizo. Gari tuchangie.